Dawa ya Mawazo na Geti la Ubongo

(Maandishi ya mazungumzo ya kipindi cha afya, kwa vikundi vya usikilizaji na kwa ubao wa matangazo.)

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Wewe uliyechukua karatasi hii kwenye ubao kwa sababu siku ya kipindi betri ya redio ilikuwa imekwisha, karibu, hujapitwa na kitu.

Leo tunafungua sanduku la maswali. Kuna karatasi tatu, miandiko mitatu tofauti, lakini jambo ni lile lile. Ya kwanza inauliza kama ni kweli wataalamu wametengeneza dawa ndogo kuliko vumbi, inayoitwa nano, ambayo inaingia ndani ya ubongo na kuondoa mawazo. Mwandishi ameona video kwenye simu. Ya pili ina hasira kidogo: kama dawa hiyo ipo, kwa nini sisi wakimbizi tunapewa vidonge vya zamani ambavyo haviingii kwenye ubongo? Ya tatu ni fupi. Inasema: nimekunywa dawa ya sonona siku kumi, sijaona kitu, nimeacha.

Nataka kuzijibu zote tatu, lakini nakwambia mapema kwamba hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue mada hii. Kama wewe ndiye uliyeiandika, usiende mbali na redio.

Kwanza tuelewane neno. Hapa kambini tunasema "nina mawazo" kwa mambo mengi. Mgao umepungua, nina mawazo. Simu ya ndugu aliyebaki nyumbani haipatikani, nina mawazo. Hayo ni mawazo ya mtu mwenye akili timamu anayeona hali ilivyo, na hayana kidonge. Sonona ni jambo jingine. Ni pale huzuni, au kutokuona raha ya kitu chochote, kunapokaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukaharibika, chakula kikawa hakina ladha, nguvu zikaisha, ukajiona huna maana mbele ya watu, ukashindwa hata kubeba ndoo kwenda bombani. Huo ni ugonjwa. Anayeupata hajalogwa na wala si mvivu.

Sasa twende kwenye ubongo wenyewe.

Ubongo una geti. Sisi tunajua geti ni nini. Unajua kusimama pale na karatasi mkononi, ukingoja mtu aangalie kama jina lako limo kwenye kibali. Basi ubongo nao una geti lake, na walinzi wake hawalali.

Damu ndiyo inayopeleka chakula na hewa kwenye ubongo, kupitia mishipa midogo sana. Mishipa hiyo ya ubongo, ukiinyoosha yote na kuiunganisha, inakadiriwa kufika kilomita 600. Hiyo ni zaidi ya safari ya treni kutoka Kigoma mpaka Tabora, imekunjwa ndani ya kichwa kimoja. Sehemu nyingi za mwili, kuta za mishipa midogo zina upenyo, kama ua wa matete: hewa inapita, maji yanapita, vitu vidogo vinapenya katikati. Kwenye ubongo sivyo. Seli za ukuta zimebanana kabisa, kama mtu aliyeshona turubai mara mbili ili mvua isipite. Kitu kikitaka kuingia, hakipiti katikati ya seli. Lazima kipite ndani ya seli yenyewe, na seli inachagua.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani kidogo. Mwaka 1885 daktari Mjerumani aitwaye Paul Ehrlich aliandika kwamba, alipodunga rangi kwenye damu ya wanyama, viungo karibu vyote vilishika rangi, lakini ubongo haukushika. Mwaka 1913 Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi naye, aligeuza jaribio. Akaitia rangi ya bluu kwenye maji yanayouzunguka ubongo, ndani ya geti. Safari hii ubongo ukawa bluu na mwili mwingine ukabaki kama ulivyo. Kwa hiyo rangi ilikuwa na uwezo wa kuushika ubongo. Kilichoizuia mara ya kwanza ni ukuta wa katikati.

Na ukuta huo ni mzuri, usiuchukie. Bila huo, kila sumu uliyoila na kila kijidudu kilichomo kwenye damu kingeingia ubongoni kama mbuzi kwenye bustani isiyo na ua.

Nani anapita? Anapita yule aliye mdogo na anayeyeyuka kwenye mafuta, kwa sababu ngozi ya seli imetengenezwa kwa mafuta. Pombe inapita bila kuulizwa. Kahawa inapita, na ile kali ya kwenye sigara pia. Ndiyo maana mtu akinywa gongo, au lutuku kama tunavyoiita upande wetu, haichukui muda kabla hajaanza kuongea na miti. Sukari nayo ina mlango wake maalumu, kwa sababu ubongo hauwezi kuishi bila hiyo. Lakini vitu vingi ambavyo daktari angependa viingie vinakwama nje. Tena ukutani kuna pampu. Kitu kikijipenyeza kwa ujanja, pampu inakishika na kukirudisha kwenye damu.

Chukua serotonini. Hiyo ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, na dawa nyingi za sonona zinafanya kazi kupitia kwayo. Mtu anaweza kufikiri: si tupewe serotonini yenyewe kwenye kidonge? Haitafaa kitu. Serotonini haivuki geti. Kilichofanyika ni kutafuta dawa nyingine inayovuka, ambayo ikifika ndani inaifanya serotonini iliyopo tayari ikae kazini kwa muda mrefu zaidi.

Na hapa ndipo naijibu karatasi ya pili. Vidonge vinavyotolewa kwenye vituo vya afya kwa ajili ya sonona, mara nyingi fluoksetini au amitriptilini, vinaingia kwenye ubongo. Ni vidogo na vinapenda mafuta. Kama visingeingia, visingeitwa dawa za sonona hata siku moja.

Ni kweli kwamba si vipya. Historia yake inaanzia mahali ambapo usingepategemea, kwenye kifua kikuu. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View kule New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya, iproniazidi. Wauguzi wakaona wagonjwa wamechangamka kuliko ilivyotarajiwa, hata wale ambao mapafu yalikuwa bado yanaumwa. Mwaka 1957 daktari Mswisi, Roland Kuhn, akatangaza kwamba dawa nyingine, imipramini, inawasaidia watu wenye huzuni nzito. Amitriptilini ikafuata, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1961. Fluoksetini iliruhusiwa huko mwaka 1987, kabla mimi sijazaliwa.

Za zamani, ndiyo. Lakini fluoksetini hiyo hiyo ndiyo anayoandikiwa mtu wa London na wa Chicago. Zote mbili zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu ambazo kila nchi inatakiwa kuwa nazo. Na mwaka 2015 shirika hilo, pamoja na UNHCR, lilitoa mwongozo wa afya ya akili kwa maeneo ya dharura, na dawa zilizotajwa humo kwa ajili ya sonona ni hizo. Najua kwa nini swali lile liliandikwa kwa hasira. Ukiishi miaka mingi ukipokea vitu ambavyo wengine wamevitumia wakavichoka, unaanza kukagua kila kitu unachopewa. Kagua, ni haki yako. Ila kwa hili, hukupewa makombo.

(Muziki mfupi.)

Turudi sasa kwenye ile video. Je, nano ipo?

Ipo. Nano ni kipimo. Chukua mita moja, igawe mara bilioni moja. Kipande kimoja ndiyo nanomita. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe tunazozungumzia huwa na nanomita kama 100, yaani ungeweza kupanga mamia yake kwenye unene wa unywele mmoja. Chembe hiyo si dawa, ni chombo cha kubebea. Dawa inakaa ndani yake kama mzigo ndani ya gunia.

Na usidhani ni kitu cha mbali ambacho hakijawahi kukugusa. Kama ulichanjwa Uviko kwa chanjo ya Pfizer au ya Moderna, ulidungwa vipovu vya mafuta vya kipimo hicho hicho, vilivyobeba ujumbe wa chanjo. Tena kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, ambayo huwapata sana watu wenye Virusi vya Ukimwi ambao kinga imeshuka. Zamani waliitibu kwa sindano za kila siku ambazo ziliumiza figo. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, matokeo yakatoka mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa ile ile, ikiwa imefungwa ndani ya vipovu vya mafuta na kusindikizwa na vidonge, inafanya kazi vizuri kama matibabu ya kawaida yenye sindano za siku saba, na madhara yanapungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Kwa hiyo vyombo hivi si hadithi, na vimeshaokoa watu katika nchi jirani na hapa.

Kwa sonona, wazo ni hili. Kuna dawa ambazo geti linazisumbua, au pampu inazirudisha nje. Je, tukizificha ndani ya chombo ambacho walinzi wanakikubali?

Njia moja iko ya kijanja sana, mimi niliposoma nilicheka. Wataalamu wa Ujerumani, akiwemo Jörg Kreuter, katika miaka ya 1990 walipaka chembe zao aina fulani ya sabuni. Chembe ikiingia kwenye damu, ile sabuni inavuta protini ambazo kwa kawaida hubeba mafuta ya mwilini. Protini zinaikumbatia chembe. Ikifika ukutani, seli ya ukuta inaona protini inayoifahamu, inadhani ni mzigo wa mafuta wa kila siku, inafungua mlango. Yaani amepita na kitambulisho cha jirani.

Njia nyingine ni pua. Juu kabisa ndani ya pua kuna mishipa ya fahamu ya kunusa, na mishipa hiyo inaelekea ubongoni bila kupitia geti la damu. Ni kama ile njia ya nyuma ya shamba ambayo watoto wote wanaijua. Watafiti nchini India, kwa mfano, wameifunga dawa ya sonona iitwayo venlafaksini ndani ya chembe za kitosani, kitu kinachotokana na maganda ya kamba na kaa, na ndani ya aljineti, inayotoka kwenye mwani, wakaitia kwenye pua za panya. Dawa ilifika kwenye ubongo wa panya kwa wingi zaidi kuliko ilipotolewa bila chembe.

Panya. Hapo ndipo video nyingi zinapokata.

Unajuaje kama panya ana sonona, na kama amepona? Jaribio linalotumika sana ni kumweka kwenye chombo cha maji ambacho hawezi kutoka, kisha unahesabu muda anaohangaika kuogelea kabla hajaacha na kuelea tu. Panya aliyepewa dawa za sonona huhangaika kwa muda mrefu zaidi. Jaribio hili limesaidia kutafuta dawa, silidharau. Lakini panya hajawahi kumzika mtoto njiani, wala hajapoteza shamba. Wapo hata wataalamu wanaouliza kama panya anayeacha kuogelea amekata tamaa, au amejifunza tu kutopoteza nguvu.

Tena pua ya panya si pua yako. Sehemu ya kunusa inachukua karibu nusu ya pua yake; kwetu sisi haifiki hata sehemu moja ya kumi. Na chembe zinazodungwa kwenye damu, nyingi haziendi kwenye ubongo kabisa. Zinakamatwa na ini na bandama, kwa sababu kazi ya viungo hivyo ni kusafisha damu. Mtu mwenye sonona anakunywa dawa kila siku kwa miezi mingi. Chembe hizo zitajikusanya wapi kwa miezi yote hiyo? Hilo lazima lijibiwe kwanza kwa usalama, na linachukua muda. Hadi ninapoandika maneno haya hakuna dawa ya sonona ya chembe nano za kuvuka geti inayotolewa kwenye vituo vya kawaida, si hapa wala Ulaya.

Kwa hiyo akipita mtu na chupa, au bangili, au matone ya pua, akakwambia ni nano ya kuondoa mawazo, mwache aende na mzigo wake. Hela yako nunua sabuni.

(Kimya kidogo.)

Sasa wewe wa karatasi ya tatu.

Umekunywa siku kumi, hujaona kitu. Nadhani ulifikiri hivi: dawa haijafika. Ni fikra ya mtu mwenye akili, kwa sababu kidonge cha malaria kikifanya kazi unaona ndani ya siku mbili tatu. Lakini dawa yako ilishafika. Iliingia kwenye damu ndani ya saa chache, ikavuka geti, ikaanza kufanya kazi yake kwenye serotonini. Kinachochelewa kinakuja baada ya hapo. Seli za ubongo zinahitaji muda kujipanga upya kufuatana na hali hiyo mpya, kupunguza hapa, kuongeza pale, kuunganisha upya zilizolegea. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hatua zenyewe, lakini muda unajulikana kwa kuangalia wagonjwa: nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa wengine inafika wiki ya sita. Kwa hiyo hata ile nano ikija kesho, ikaingiza dawa kwa kasi ya pikipiki, bado kazi ya kujipanga ingebaki. Faida yake kubwa ingekuwa kutumia dawa kidogo na kusumbua mwili kidogo.

Na mwili unasumbuliwa, tusidanganyane. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za serotonini ya mwili ziko kwenye utumbo. Fluoksetini haibagui, kabla hujaona nafuu kichwani, tumbo limeshapata habari. Kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kichwa kuuma, usingizi kukimbia. Amitriptilini ina yake: mdomo kukauka, choo kigumu, usingizi mzito, kizunguzungu ukisimama ghafla. Unaona ubaya wa mpangilio huu? Madhara yanakuja wiki ya kwanza, nafuu inakuja wiki ya tatu au ya nne. Mtu anayeacha siku ya kumi amelipa nauli yote akashuka kituo kimoja kabla ya kwake. Kichefuchefu kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Fluoksetini inywe asubuhi kama inakunyima usingizi. Amitriptilini hunywewa usiku. Kama madhara hayavumiliki, rudi kwa daktari akubadilishie. Kurudi si kumsumbua, ndiyo kazi yake.

Nisikudanganye upande wa pili pia. Si kila mtu anapona kwa dawa ya kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006, uliripoti kwamba kati ya watu zaidi ya 2,800 waliopewa dawa ya kwanza, takriban mmoja kati ya watatu aliondokewa na ugonjwa kabisa. Wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa matibabu. Kama umefika wiki ya sita hujaona kitu, huo ndio wakati wa kusema dawa hii hainifai, na unaisemea kituo cha afya, siyo kwa kuitupa chooni.

Akishapata nafuu, mwongozo unasema mtu aendelee na dawa miezi 9 mpaka 12. Wengi wanaacha siku wanapojisikia vizuri, na ugonjwa unarudi. Kuacha kufanyike polepole, daktari akipunguza kidogo kidogo. Ukisahau siku moja, endelea kesho na dozi yako ya kawaida; usinywe mbili kufidia.

Mambo mengine nayasema kwa haraka lakini yashike. Usimgawie jirani, hata kama anakwambia na yeye ana mawazo. Amitriptilini ikizidi inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo pakiti isikae chini ya mkeka ambapo mtoto anaichezea. Pombe na amitriptilini visikutane; nimeshakwambia pombe inavuka geti bila kibali, na vikikutana ndani vinamlaza mtu usingizi wa hatari. Kama unatumia dawa nyingine yoyote, pamoja na ya mizizi, itaje kwa daktari.

Na sisi vijana wa chini ya miaka 25: kwa baadhi yetu, wiki za kwanza za dawa hizi zinaweza kuleta mahangaiko au kuzidisha fikra za kujidhuru. Haitokei kwa wengi, lakini inatokea. Mtu wa nyumbani ajue kwamba umeanza dawa, akuangalie. Fikra hizo zikija, kwa kijana au kwa mzee, kwa anayetumia dawa au asiyetumia, usingoje siku yako ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa zoni yako akupeleke. Na wewe uliye karibu naye usimwache peke yake, na vidonge vikae kwako.

Kuna jambo la kwetu hasa ambalo huwezi kulikuta kwenye maandishi ya Ulaya. Sisi tunahama. Mtu anarudi nyumbani kwa msafara, mwingine anapelekwa nchi ya tatu, mwingine anahamishiwa kambi nyingine. Siku ya safari unakumbuka sufuria, turubai, vyeti vya watoto, na kadi ya kliniki inabaki ukutani. Kama jina lako limetoka kwenye orodha, nenda kituo cha afya kabla ya siku ya gari. Omba karatasi yenye jina la dawa, dozi, na tarehe uliyoanza. Omba vidonge vya kukuvusha hadi utakapopata kituo kingine. Ukikatika ghafla njiani utaona kizunguzungu, usingizi mbaya, hasira bila sababu, utadhani ni safari.

Na kidonge peke yake hakitoshi. Hakiongezi mgao, hakikurudishi Fizi wala Makamba. Mwongozo ule ule niliotaja unasema mtu aliyefiwa karibuni, anayelia kwa sababu ana cha kulilia, asikimbiliwe na vidonge. Yapo matibabu ya kuongea, na yamejaribiwa kwa watu kama sisi. Kule Uganda, kwenye makazi ya Rhino Camp, karibu wanawake 700 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao waliwekwa kwenye vikundi vya watu 20 hadi 30, wakakutana mara tano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha yao na kuyafanyia mazoezi pamoja. Miezi mitatu baadaye, waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Aliyewaongoza hakuwa daktari bingwa, alikuwa mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi, na sauti kwenye spika. Mimi mtu wa redio nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kama kwenye zoni yako kuna kikundi cha namna hiyo, mhudumu wa afya ya jamii anakijua. Muulize.

Wewe wa siku kumi, bado uko? Usianze tena mwenyewe na vidonge vilivyobaki. Rudi kituoni kwa siku zile zile za kliniki ya afya ya akili, useme ukweli kwamba uliacha, na kwa nini. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza mtu, andika tena kwenye sanduku, tutalisema hewani bila kutaja jina lako.

Limebaki swali moja ambalo sikuligusa, la mama mjamzito anayeuliza kama aendelee na fluoksetini au aache. Hilo si la kijana mwenye kidato cha nne kulijibu. Mama yangu, endelea kama daktari alivyokuandikia mpaka umwone, usiache ghafla, na mwone wiki hii. Kipindi kijacho muuguzi wetu wa kliniki ya akina mama atakaa hapa kwenye kiti hiki, na swali lako ndilo la kwanza.

(Muziki wa kipindi unapanda.)